Kupiga Hodi Bustanini

Neno "bustani" limekaa katika lugha yetu kwa muda mrefu hata tumesahau kwamba lilikuja kwa jahazi. Asili yake ni Kiajemi, na maana yake ya kwanza ni mahali penye harufu nzuri. Waarabu walilichukua kwa Waajemi, watu wa pwani wakalichukua kwa Waarabu, kisha likapanda milima mpaka likafika Lushoto. Huko lilikuta watu waliokuwa wakilima na kutunza miti tangu zamani, lakini ambao hawakuona haja ya kutenga kipande cha ardhi kwa ajili ya macho peke yake. Mgomba uliokuwa nyuma ya nyumba ulikuwa chakula, kivuli, kamba, jani la kufunikia chungu, na pazia la kuzuia macho ya mpita njia. Na kama ulipendeza pia, uzuri huo haukuhitaji jina la peke yake. Ndiyo maana wanafunzi wangu, nilipowauliza zamani kama Wasambaa walikuwa na bustani kabla ya kuja kwa Wajerumani, walijibu kwa sauti moja kwamba hawakuwa nazo. Mimi pia nilidhani hivyo, nami nikaliandika jibu hilo ubaoni.

Ninaishi Magamba, kilomita chache juu ya mji wa Lushoto, mahali ambapo barabara inapita ukingoni mwa msitu. Nimefundisha katika wilaya hii karibu maisha yangu yote ya kazi. Nasema hayo ili msomaji asije akadhani kwamba ninayoyaeleza hapa niliyapata vitabuni tu. Baadhi niliyapata vitabuni, lakini jambo lenyewe nilijifunza kwa miguu, tena mara ya kwanza nilijifunza katika nchi ya watu.

Mwaka 2009 nilialikwa Ujerumani pamoja na walimu wenzangu wachache, nasi tulikaa siku kadhaa katika mji wa Düsseldorf, ulio ukingoni mwa mto Rhein. Tangu miaka ya 1950 makampuni ya Kijapani yalifungua ofisi katika mji huo, na Wajapani wakahamia na jamaa zao, hata wakawa miongoni mwa jamii kubwa za Kijapani katika bara la Ulaya. Mwaka 1975 jamii hiyo iliuzawadia mji bustani, nao mji ukaipokea na kuiweka ndani ya uwanja mkubwa wa mapumziko uitwao Nordpark. Ukubwa wake ni kama mita za mraba 5,000, yaani zaidi kidogo ya ekari moja. Shamba la mkulima wa kawaida wa Mlalo laweza kulingana nayo.

Mwenyeji wangu, mama mmoja mwalimu mstaafu, ndiye aliyenipeleka. Tulipita kwanza katika uwanja wa Kijerumani, ambao kila kitu chake kimenyooshwa: njia, maji, na vitanda vya maua vilivyopangwa kama askari wa gwaride. Nilikuwa nikizungumza kwa sauti, maana tulikuwa tukibishana juu ya mishahara ya walimu, mada ambayo haina mpaka wa nchi. Kisha tukaingia katika ile bustani ya Kijapani. Sikuona askari, wala kibao cha kukataza kelele. Lakini baada ya hatua chache nilijikuta nimenyamaza, na mwenyeji wangu amenyamaza vilevile, na mabishano yetu tumeyaacha nje kama mtu aachavyo viatu mlangoni.

Jioni ile nilijiuliza ni nini kilichoninyamazisha. Haikuwa dini, kwa kuwa dini ya Wajapani siijui. Haikuwa utajiri, kwa kuwa mle hamkuwa na dhahabu wala sanamu kubwa. Mlikuwa na kidimbwi, mawe, misonobari iliyopinda, na miti ambayo majani yake hugeuka mekundu kabla ya kupukutika. Nadhani jambo lilianza miguuni. Njia ya bustani ya namna hiyo haiendi moja kwa moja. Hujipinda, na mahali pengine hugeuka kuwa mawe yaliyoachana, kila moja likitosha mguu mmoja. Mtu apitaye juu ya mawe hayo hana budi kutazama chini, na atazamaye chini hupunguza mwendo, na apunguzaye mwendo hupunguza na maneno. Akifika mahali jiwe lilipo pana zaidi husimama, huinua macho, na hapo ndipo mtengenezaji alipokusudia auone msonobari. Adabu ya mgeni imejengwa ndani ya njia. Huingii kama unavyotaka wewe. Unaingia kama unavyopokewa.

Baadaye nilisoma kwamba mambo hayo hayakutokea kwa bahati. Wajapani wana kitabu cha utengenezaji wa bustani, Sakuteiki, kilichoandikwa katika karne ya 11, na humo mtengenezaji anafundishwa kwamba akishasimamisha jiwe la kwanza, mengine na ayaweke kwa kufuata matakwa ya jiwe hilo. Mwanafunzi wa siku hizi aweza kucheka: jiwe lina matakwa gani? Lakini muulize fundi yeyote wa kujenga kuta za mawe katika milima yetu. Atakuambia kwamba jiwe lisiloulizwa huanguka. Tena, mjini Kyoto iko bustani ya hekalu la Ryōan-ji, yenye mawe 15 juu ya changarawe nyeupe, na mawe hayo yamepangwa hivi kwamba mtu aketiye mahali popote kibarazani hawezi kuyaona yote kwa mara moja. Daima moja hufichika. Mgeni anaambiwa pasipo maneno kwamba hakuja kumaliza.

Kuhusu changarawe hizo kuna jambo linalonigusa zaidi kuliko mawe. Watunzaji huzichora kwa reki, mistari sambamba, kazi ambayo upepo na ndege huiharibu nao huirudia. Picha yake ilinikumbusha uwanja wa nyumba yetu. Kila alfajiri mama yangu alifagia uwanja kwa ufagio wa vijiti, akienda kinyumenyume kutoka mlangoni, na alipomaliza ardhi nzima ilikuwa na mistari membamba iliyopindana kama mawimbi. Sisi watoto tulikatazwa kupita katikati kabla jua halijachomoza vizuri. Nilidhani ni usafi tu. Lakini takataka zingeweza kuondolewa bila kuacha mistari hiyo, na mama hakuwa mtu wa kupoteza nguvu. Mgeni wa kwanza wa asubuhi alisimama ukingoni mwa mistari, akapiga hodi, akangoja kuitikiwa. Wajapani husimulia habari za Sen no Rikyū, bingwa wa adabu za kunywa chai aliyefariki mwaka 1591, kwamba alipoagizwa kufagia bustani aliifagia ikang'aa, kisha akautikisa mti mmoja ili majani machache yaanguke. Mama hakuhitaji kuutikisa mti. Mparachichi ulikuwa ukiangusha wenyewe.

Basi nikaanza kuwa na mashaka na lile jibu nililoliandika ubaoni.

Mwenyeji wangu alinieleza jambo jingine. Kila baada ya miaka michache, alisema, mafundi hutoka Japani kuja kuikata na kuitengeneza miti ya bustani ile, kwa sababu msonobari usipokatwa na mkono unaojua utarudi kuwa mti wa kawaida. Maneno hayo nimeyafikiri sana. Maana yake ni kwamba zawadi ya mwaka 1975 haikuwa mawe na miti. Mawe yako kila mahali. Zawadi ilikuwa ni utunzaji, na utunzaji haupandwi mara moja ukaachwa. Yapasa mikono iupeleke tena na tena. Bustani hiyo imebaki ya Kijapani katika udongo wa Ujerumani kwa sababu Wajapani hawajaacha kuitunza na Wajerumani hawajaacha kuipigia hodi.

Usiku tulirudi nyumbani kwake. Dirishani palikuwa na vyungu vitatu vya ua dogo lenye majani ya manyoya na rangi ya zambarau. Nikamwuliza jina lake. Akasema, "Usambaraveilchen." Akalitamka haraka, kama sisi tusemavyo "mchungwa", bila kusikia kilichomo ndani yake. Nikamwomba alirudie polepole. Ndipo aliposikia naye. Alikuwa na ua la Usambara dirishani kwa zaidi ya miaka thelathini, na mtu wa Usambara mezani kwa siku nne, asiunganishe hayo mawili.

Habari ya ua hilo inajulikana. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mkuu wa wilaya wa serikali ya Kijerumani huko Tanga, alilikuta katika nchi ya Usambara akampelekea baba yake Ujerumani. Baba naye akalifikisha kwa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen katika mji wa Hannover, ambaye mwaka 1893 alilitangaza kwa wataalamu na kuliita Saintpaulia, kwa heshima ya jina la ukoo wa waliolipeleka. Aina nyingine zilipatikana baadaye, hata iko iliyopewa jina la Shume, jirani zetu hapa. Leo ua hilo liko madirishani duniani kote, na nina hakika liko Japani pia. Ilhali huku kwetu, katika miamba yenye unyevu lilikozaliwa, aina kadhaa zake zimo hatarini kutoweka kwa sababu kivuli chake kinakatwa.

Silalamiki kwamba ua lilisafiri. Mimea husafiri, na sisi tunaokula mahindi, mihogo na viazi hatuwezi kumnyoshea kidole mtu yeyote kwa kusafirisha mimea. Ninachosema ni kwamba ua lile lilitoka bila hodi. Mti wa Kijapani ulikwenda Düsseldorf pamoja na watu wake, jina lake na namna ya kuukata. Ua letu lilikwenda peke yake, na lilipofika likapewa jina la aliyelibeba.

Wajerumani nao walileta bustani zao kwetu. Walipotafuta mahali pa baridi pa kukimbilia homa ya pwani walipachagua Lushoto, wakapaita Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, kwa jina la mfalme wao. Wakajenga nyumba za mapaa makali, wakapanda matunda ya kwao, na kule Amani, katika Usambara ya Mashariki, mwaka 1902 wakaanzisha taasisi ya uchunguzi wa kilimo na mimea iliyokusanya miti kutoka pande nyingi za dunia. Waingereza waliwafuata mwaka 1916, jina la Wilhelmstal likafutika, lakini miti ilibaki. Plamu, fyulisi na peasi zinazouzwa leo kandokando ya barabara ya Mombo ni sehemu ya urithi huo, na hakuna mtoto wa Lushoto aonaye kwamba ni matunda ya kigeni. Mengine hayakutulia vizuri hivyo. Mhesi, mti wa nchi za magharibi karibu na maziwa makuu, ulipandwa huko Amani, kisha ukaingia katika misitu ya asili iliyokuwa imekatwa mbao, ukaenea mahali ambapo haukualikwa.

Lakini bustani za Wilhelmstal zilikuwa na upungufu mmoja ambao bustani ya Düsseldorf haina. Hazikuwa na mlango wa mwenyeji. Msambaa aliingia humo na jembe, mkasi au trei, hakuingia kuketi. Na msitu uliozizunguka ulipimwa, ukawekewa alama za mipaka, ukawa mali ya serikali, na mama aliyeokota kuni mahali bibi yake alipoziokota aliweza kushtakiwa. Msitu ukapata mlinzi ukapoteza mgeni wake wa zamani. Nani angepiga hodi kwa askari?

Tulipokuwa chini ya Waingereza jambo hilo lilijirudia mashambani. Mwaka 1946, katika bonde la Mlalo, ulianzishwa mpango wa kuzuia mmomonyoko, na katika miaka iliyofuata ulienezwa sehemu nyingine za Usambara. Wakulima walilazimishwa kuchimba matuta, na wasiochimba waliadhibiwa. Sitaki kusema kwamba matuta yalikuwa mabaya. Udongo ulikuwa ukichukuliwa kweli, na kila masika mito ilishuka ikiwa myekundu. Lakini kazi ilikuwa nzito, ililemea hasa wanawake, na watu waliiona kama mwanzo wa kunyang'anywa ardhi. Wakapinga mpaka mpango ukaachwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Wazee wa Kisambaa walikuwa na maneno mawili ya kupimia kila utawala: kuna kuiponya nchi, kuzifya shi, na kuna kuiharibu nchi, kubana shi. Ofisa wa kilimo alidhani anaiponya. Wananchi waliona anaiharibu, na ubishi haukuwa juu ya tuta lenyewe. Ubishi ulikuwa juu ya nani ameitwa kuiponya. Miaka ya 1980 wakulima wengi wa wilaya hiihii walipanda majani na miti ya kukinga udongo katika miteremko ileile, kwa mazungumzo badala ya faini. Mwinuko ulikuwa uleule na mvua zilezile.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana ningependa nisilaumu Wajerumani na Waingereza peke yao.

Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu kijana katika kijiji kimoja cha milima hii, ambacho sitakitaja. Tulikuwa tukijenga madarasa kwa nguvu zetu wenyewe, katika moyo wa Elimu ya Kujitegemea, na tulihitaji kuni za kuchomea matofali. Karibu na shule palikuwa na kichaka cha miti mikubwa, pengine robo ekari. Wenyeji walisema wamezikwa humo wazee wa ukoo fulani, na kwamba zamani watu walifanya tambiko hapo mvua ilipokawia. Mimi niliyasikia hayo kama mtu asikiavyo hadithi za sungura. Niliwapanga wanafunzi kwa mikondo, tukaingia na mashoka tukiimba nyimbo za kazi. Kwa siku mbili tukaangusha miti minne.

Siku ya pili jioni alikuja mzee mmoja. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba, mwalimu." Hakufoka. Akavua kandambili zake ukingoni mwa kichaka, akaziweka pamoja, akaingia peku. Akainama mahali tulipoburuta gogo, akaokota vipande vya chungu kilichokuwa kimevunjika, akaviweka katika shuka lake. Alipotoka akaniuliza, "Mwalimu, mlipiga hodi?"

Nikamjibu, "Mzee, hapa hapana nyumba."

Akanitazama, akasema, "Ndiyo, mwanangu, hapana nyumba." Akavaa kandambili zake akaenda.

Madarasa yalikwisha, na yamo mpaka leo. Wako watu waliosoma humo wakawa waganga na mahakimu. Siwezi kusema kwamba madarasa yalikuwa kosa. Wala sisemi kwamba chemchemi ya bonde lile ilikauka kwa sababu ya miti minne, ingawa wako wanaosema hivyo. Ninachojua ni kwamba kama miaka ishirini na mitano baadaye nilikwenda katika mji wa watu nisiowajua, nikapita juu ya mawe ya watu wengine nisiowajua, nikainamisha kichwa na kushusha sauti kwa heshima kamili, nami nikajiona mstaarabu. Na usiku, mbele ya chungu cha ua la kwetu, nikayaona yale makandambili mawili yaliyowekwa pamoja ukingoni. Bustani ilikuwapo. Ilikuwa na mlango, ilikuwa na namna ya kuingia, ilikuwa na mtunzaji mwenye kuijua. Nililitaka jiwe la Kijapani linifundishe nilichofundishwa na mzee wa kijiji kwa Kiswahili chepesi.

Hapana shaka wako watakaonipinga, na upinzani wao una uzito. Watasema kwamba heshima ya vichaka vile ilikuwa hofu tu. Kwamba watu hawakukata miti kwa kuogopa kufa. Na kwamba elimu ilikuja ili kuiondoa hofu hiyo. Watasema zaidi: watawala wa Kikilindi, waliojinasibu na mwindaji Mbegha na kukaa Vugha, walijidai kuwa na mamlaka juu ya mvua, na kwa mamlaka hayo walitoza kodi na kutisha watu. Kwa hiyo tambiko halikuwa utunzaji wa mazingira, lilikuwa siasa. Ni kweli. Hata bustani za Kijapani hazikuanza kwa wanyonge. Nyingi zilikuwa za mabwana na mahekalu, na waliobeba mawe hayo mgongoni hawakuketi kibarazani kuyahesabu. Hakuna bustani niijuayo iliyo safi kabisa.

Lakini hofu na adabu si kitu kimoja, ingawa huweza kukaa nyumba moja. Mtoto hujifunza hodi kwa kuogopa kuchapwa. Akiwa mtu mzima hupiga hodi hata kwenye nyumba ya mtu dhaifu asiyeweza kumfanya kitu. Hapo hofu imeondoka, adabu imebaki. Swali lililo mbele yetu walimu ni kama adabu ya msitu nayo inaweza kubaki baada ya hofu yake kuondoka. Mimi naamini inaweza, na ushahidi wangu ni ile bustani ya Düsseldorf: wengi wa wanaoingia humo hawaogopi mungu wala pepo yeyote wa Kijapani, lakini wanashusha sauti. Wamefundishwa na njia. Sisi tuliiondoa hofu, jambo jema, kisha tukaiondoa na njia, tukabaki na askari na faini.

Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake kwa Bunge ya tarehe 10 Desemba 1962, alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alieleza kwamba miongoni mwa maovu makubwa ya ukoloni ni kutufanya tuamini kuwa hatukuwa na utamaduni wetu. Na katika hotuba hiyohiyo alitahadharisha kwamba taifa lisilotaka kujifunza kwa wengine ni taifa la wajinga. Zamani niliyaona mafunzo hayo mawili kuwa yanavutana. Sasa naona kwamba mara nyingine la pili ndilo linalofungua la kwanza. Nililazimika kuiona adabu kwa Wajapani ili niitambue kwa mama yangu. Si jambo la kujivunia, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Msitu wa Magamba, zaidi ya hekta 9,000, ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2010. Miti ya asili bado imo: mkulo, ambao wataalamu wameupa jina la Usambara, mingine ikiwa mikubwa kiasi kwamba wanafunzi watano hawaizungushi mikono. Mbega wamo, vinyonga wamo, na kangaga wa urefu wa mtu. Pembeni imo misonobari na mikaratusi ya kupandwa, imenyooka kama Nordpark. Siku hizi, ingawa nimestaafu, walimu wa shule za jirani huniomba niwasindikize wanafunzi. Zamani tuliingia kama nilivyoingia kwenye kichaka kile, kwa nyimbo na fimbo za kupigia majani. Sasa nawasimamisha mahali njia inapoacha mashamba ya viazi na kuingia chini ya miti. Nawaambia wavue kofia na kuzima simu. Kisha tunapiga hodi, wote pamoja, mara moja, na kungoja kwa muda wa kuhesabu mpaka ishirini. Walimu wengine hutazama saa zao. Mmoja aliniuliza kama jambo hilo limo katika muhtasari wa somo.

Mwaka jana mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu, mvulana wa Kwembago, aliinua mkono wakati wa kungoja. "Mwalimu," akasema, "tunampigia nani hodi?"

Nilikuwa na majibu kadhaa, moja la jiografia, moja la historia, na moja la imani ambalo nisingelitoa mbele ya watoto wa dini mbalimbali. Hakuna lililonitosha. Ukungu ulikuwa ukishuka na wasichana walitaka kufika maporomokoni kabla ya mvua. Nikamwambia akamwulize bibi yake.

Juma lililofuata nilikutana naye sokoni Lushoto, amebeba kapu la plamu. Nikamwuliza bibi amejibu nini. Akacheka kidogo kwa haya, akasema kwamba bado hajajibiwa. Bibi alitaka kwanza kujua jina la mwalimu anayeuliza, na kijiji alichowahi kufundisha zamani.